Mwaka wa Brezel: nilivyotembea na kuoka Ujerumani

Safari zangu nyingi mwaka ule nilizipanga kwa kufuata kinachookwa, hasa Brezel, mkate mdogo wa Kijerumani unaosokotwa kama fundo. Aachen nilikwenda kwa ajili ya Printen (biskuti ngumu za viungo), Nürnberg kwa Lebkuchen (keki ndogo za viungo), Dresden mwezi wa Desemba kwa Stollen (mkate mtamu wa Krismasi wenye matunda makavu). Makanisa na makasri utayakuta humohumo njiani, na utayaona ukiwa umeshiba.

Usafiri wa bei nafuu ni Deutschlandticket. Ni tiketi ya mwezi inayokubalika kwenye treni za mikoani, mabasi na tramu nchi nzima, lakini si kwenye ICE wala IC, yaani treni za masafa marefu. Inajirudia yenyewe kila mwezi, kwa hiyo ukitaka kuikatisha fanya hivyo kabla ya tarehe 10, la sivyo utalipia mwezi unaofuata. Jumapili maduka hufungwa kisheria. Baadhi ya maduka ya mikate hufungua saa chache za asubuhi tu, basi unga na siagi nunua Jumamosi.

Kama una siku moja tu, nenda Ulm, mji wa kusini. Kanisa lake kuu lilianza kujengwa mwaka 1377 na mnara wake wa mita 161.5 ukakamilika 1890. Ngazi ni 768, nyembamba na za mzunguko, na hakuna lifti. Panda asubuhi miguu ikiwa na nguvu. Kisha ingia Museum Brot und Kunst, makumbusho ya mkate. Kwangu hapo ndipo mahali bora pa kuelewa kwa nini watu hawa wanauheshimu mkate kiasi kile.

Brezel za Swabia na za Bavaria, maeneo mawili ya kusini mwa Ujerumani, si kitu kimoja. Ya Swabia ina tumbo (sehemu nene ya chini) lililochanjwa, mpasuko wake mweupe umefunguka, na mikono (ncha zilizosokotwa) myembamba inayokatika kwa mlio. Ya Bavaria kwa kawaida haichanjwi na mikono yake ni minene zaidi. Mimi nashikilia ya Swabia, kwa sababu katika mkate mmoja unapata ulaini na ukavu.

Unapochagua unga, soma namba ya Type kwenye pakiti. Inaonyesha miligramu za majivu yanayobaki gramu 100 za unga zikichomwa. Namba kubwa maana yake pumba nyingi zaidi. 405 ni wa keki, 550 ni wa Brezel, 1050 ni wa mkate wa rangi ya kahawia.

Kwa Brezel nane: unga 550 gramu 500, maji ya baridi mililita 280, siagi gramu 25, chumvi gramu 10, hamira kavu gramu 7. Kanda dakika kumi hadi donge liwe gumu kidogo na nyororo. Donge laini halishiki umbo. Ligawe vipande vya gramu 100, vipumzike dakika kumi, kisha visokote kamba za sentimita 55 hivi, katikati nene, ncha nyembamba. Kamba ikijivuta kurudi, usiilazimishe. Iache dakika tano. Funga umbo, acha ziumuke dakika 20, halafu ziweke kwenye friji saa nzima bila kufunika. Hatua hii wengi huiruka. Ngozi isipokauka, Brezel hulegea ukiinyanyua na rangi hutoka na mabaka.

Maji ya magadi ndiyo yanayoleta rangi na ladha. Waokaji hutumia kostiki (hidroksidi ya sodiamu, kemikali inayounguza ngozi) ya daraja la chakula, gramu 40 kwa lita moja ya maji baridi. Vaa glovu na miwani, mimina kostiki ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki, na usitumie chombo wala trei ya alumini kwa kuwa kostiki huila. Sekunde chache zinatosha. Usipotaka kostiki, chemsha lita moja ya maji na baikabonati ya soda gramu 50, ukiitia kidogo kidogo kwa sababu hufura na kumwagika, kisha chovya kila moja sekunde 30. Rangi itapungua kidogo. Ukiioka kwanza baikabonati hiyo saa moja kwa nyuzi 120, huwa kali zaidi na rangi inakaribia ya dukani. Hapo pia vaa glovu.

Nyunyiza chumvi ya chenga, chanja tumbo kwa wembe kina cha sentimita moja, oka nyuzi 220 kwa dakika 15 hadi 18. Tumbo likipasuka pembeni, ulichanja juujuu. Likitoka na makunyanzi, uliumua kupita kiasi.

Kula Brezel siku hiyohiyo. Chumvi ya juu hunyonya unyevu na ngozi hulainika usiku mmoja tu, na mfuko wa plastiki huzidi kuiharibu. Za akiba zigandishe mbichi, baada ya friji na kabla ya magadi, kisha uzichovye zikiwa bado zimeganda.