Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa darasa, siku ya kikao cha wazazi

Saa 12:40 asubuhi. Kengele bado, lakini mlangoni pa ofisi kuna baba amevaa sare ya ulinzi, macho mekundu. Ametoka lindo. Kikao ni saa 8 mchana na saa hizo atakuwa amelala, ndiyo maana kapitia sasa.

"Samahani mwalimu, nina swali moja tu. Huyu binti yangu akikwama kwenye hesabu, huwa anauliza au ananyamaza?"

Miaka yote hii wazazi huniuliza mtoto kawa wa ngapi. Nikamwambia ukweli: ananyamaza. Tukakubaliana kila siku amuulize, "Leo umeuliza nini darasani?" Akaondoka. Kwenye daftari la mahudhurio ataandikwa hakufika, maana daftari lenyewe hufunguliwa saa 8.

Saa 2:00. Hesabu. Narudisha majaribio. Kuna kijana ambaye kazi zake za nyumbani ni vema tupu, ukurasa baada ya ukurasa, na kwenye jaribio kapata 6 kati ya 20. Nikayaweka madaftari yake mawili pamoja. La nyumbani, kila namba 7 ina kistari katikati. La darasani, hakuna hata 7 moja yenye kistari. Basi, anayejua hesabu kwao si yeye.

Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Keith Robinson na Angel Harris, walionyesha kwamba mzazi kumsaidia mtoto kazi za nyumbani mara nyingi hakupandishi alama. Mimi sishangai, zile saba nimeziona.

Saa 4:30. Mapumziko, na ubishi uleule wa kila muhula. Mwenzangu anasema mtoto anakuja na kwao mgongoni, mwalimu huwezi kumtua. Ushahidi wake ni ripoti ya James Coleman ya mwaka 1966, iliyopima wanafunzi zaidi ya 600,000 wa Marekani na kukuta kwamba hali ya nyumbani inaeleza tofauti za alama zaidi kuliko majengo na vifaa vya shule. Ni kweli. Ila ripoti hiyohiyo ilisema ubora wa mwalimu unawagusa zaidi watoto wa makundi yaliyoachwa nyuma, na kipande hicho hakinukuliwi chumbani kwetu. (Tunaipenda nusu inayotupumzisha.)

Sikatai kwamba nyumbani kuna uzito. Nina msichana anayesinzia kila kipindi cha tatu, na nilimwita mvivu kwa wiki tatu nzima kabla sijajua kwamba usiku ndiye anayembembeleza mdogo wake. Sasa namweka dirishani na maswali magumu nampa asubuhi, akiwa bado yuko macho.

Saa 6:00 hadi saa 8:00. Vipindi, kusahihisha, kupanga viti. Tuendelee.

Saa 8:00. Wanafunzi 43, wazazi 17. Na kama kawaida, waliofika wengi ni wa watoto wasio na shida. Yupo bibi mmoja, nikamwamkia, akakaa, nikamgeuzia daftari la mjukuu wake. Akalisukuma nyuma taratibu.

"Mimi kusoma sijui, mwanangu. Ila hatulali mpaka anisomee."

"Na akiruka maneno, bibi?"

"Namwambia arudie hadithi kesho yake. Akinipa nyingine, najua jana alinidanganya."

Mjukuu huyo ndiye msomaji bora wa darasa. Siku zote nilidhani kwao kuna rafu ya vitabu.

Saa 10:15. Mama wa yule kijana wa saba zenye vistari. Nilijiandaa kumsomesha, lakini nilipofungua tu yale madaftari akainamisha kichwa.

"Naogopa ataadhibiwa, mwalimu. Nikiona amekwama, namalizia."

Hapo nikakosa pa kushika, kwa sababu hofu hiyo sisi shuleni ndio tuliyoipanda. Tukapatana: jibu la kosa aliache lilivyo, aandike pembeni "hapa alikwama", nami sitamgusa mtoto kwa hilo.

Saa 1:30 usiku. Nimebaki na orodha ya wazazi 26 ambao hawakuja. Mmoja nimempigia mara nne muhula huu, zote kwa kesi: kupigana, kuchelewa, kupigana tena. Leo mwanawe alimfafanulia jirani yake hesabu za sehemu kwa kukunja karatasi, na jirani akaelewa kuliko alivyonielewa mimi. Nikapiga.

"Mwalimu, amefanya nini tena?"

Nikamweleza. Kimya kirefu.

"Hilo ndilo ulilonipigia?"

"Ndilo hilo, mama."

"Subiri. Ngoja niweke sauti kubwa, urudie."

Nikasikia jina linaitwa, kiti kinaburutwa, halafu kwa mbali sauti ya mtoto ikianza kujitetea: "Mimi sijafanya kitu!"