Beberu Aliyemwamkia Babu

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotuagiza kutunga tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, ya kuchekesha, nilikaa siku mbili nikijaribu kuuchekesha upepo wa hapa Dodoma na vumbi lake, lakini sikupata hata ubeti mmoja. Jioni ya siku ya tatu beberu wa jirani aliingia katika shamba letu la zabibu, naye babu akamfukuza akiwa na kandambili moja mguuni. Hapo nikapata kisa.

Shida ilikuwa mizani, yaani idadi ya silabi. Niliandika “Mbuzi amekula zabibu”, nikahesabu kwa vidole nikapata mizani tisa, ilhali kila kipande kilipaswa kuwa na nane. Nikambadilisha mbuzi kuwa beberu, na kwa inkisari, yaani kufupisha neno, “amekula” likawa “kala”:

Beberu kala zabibu, akalewa barabara,
Akamwamkia babu, kwa heshima na busara.

Zabibu mbichi hazilevyi, hilo nalijua, lakini kina cha “bu” ndicho kilichomleta babu katika mshororo wa pili, na bila ulevi beberu asingekuwa na sababu ya kusema shikamoo. Babu aliposomewa, aliuliza tu kwa nini babu wa kwenye shairi hakuitikia marahaba.