Injini ya mvuke ya bei ya kutupa: ipime kabla ya kulipa

Injini ndogo ya mvuke ya treni za mfano, hizi zinazoendeshwa kwa umeme wa volti 12, ikipunguzwa bei mara nyingi imekaa kwenye boksi miaka mingi na grisi imekauka. Nenda dukani na kipande cha reli yenye nafasi ya milimita 16.5 kati ya vyuma vyake viwili, na betri ya volti 9 ya kuunganisha kwenye vyuma hivyo, kisha weka injini juu yake. Mota ikinguruma bila magurudumu kuzunguka, mara nyingi ni grisi. Zima upesi, maana mota iliyokwama huungua. Ikichechemea kila mzunguko wa gurudumu, shuku giya iliyopasuka. Hiyo iache, hata wakupunguzie vipi: spea zake Nairobi ni shida. (Na anayeota mfano wa Garratt, aina ya injini kubwa ya mvuke kama ile namba 5918 ya Makumbusho ya Reli Nairobi, punguzo asahau.)

Nyumbani, toa grisi ngumu kwa kijiti, paka mpya kidogo, kisha tone moja la oili kila ekseli, kwa ncha ya sindano. Likizidi hushuka relini, likanasa vumbi, na injini ikaanza kukwamakwama. Iendeshe mwendo wa wastani nusu saa mbele, nusu saa nyuma, bila mabehewa. Reli safisha kwa spiriti, si msasa.

Kontrola (kifaa cha kuipa injini umeme na kudhibiti mwendo wake) ya Uingereza inaingia kwenye soketi zetu moja kwa moja. Ya Marekani, volti 120, itaungua bila transfoma.