Siku moja karakanani: koili, unga na gololi

Saa 1 asubuhi. Nafungua karakana hapa Gerezani, Dar es Salaam. Mota ya pampu niliyoisuka jana imelala na vanishi, naigusa, imekauka. Chai, chapati, kazi.

Saa 2:30. Anaingia mama mwenye mashine ya kusaga kutoka Mbagala, kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) ndani ya mfuko. Koili yake, yaani waya uliozungushwa kutengeneza sumaku, imeungua, na ya kabla yake iliungua vilevile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wananiambia umeme wa kwetu mkubwa."

Naifungua. Zile nyuso mbili za chuma zinazotakiwa kubanana koili ikipata umeme zimegandwa na unga. Mchawi ni huyo, umeme wa mtaa unasingiziwa.

Koili ya AC (umeme unaogeuka-geuka mwelekeo, kama wa gridi) haitegemei ukinzani wa waya peke yake. Kinachoubana mkondo hasa ni sumaku ya koili yenyewe, nayo hupita kwa urahisi kwenye chuma na kwa taabu kwenye hewa. Kontakta ikiwa bado wazi, koili hula mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Haina neno, kwa sababu chuma hujifunga kufumba na kufumbua. Ila unga ukiacha upenyo kidogo tu, mkondo ule mkubwa haushuki vya kutosha: kontakta inanguruma, koili inachemka, mwisho moshi.

"Nipake grisi, unga usishike?"

"Hapana mama, grisi ndiyo inayoukamata. Piga brashi kavu, na boksi lake lifungwe."

Saa 5. Kijana ninayemfundisha anasuka koili mpya. Anataka kuongeza mizunguko "iwe na nguvu, fundi." Wazo hilo nalisikia hata kwa mafundi wenye mvi!

Namwambia aweke simu mezani, afungue dira. Napitisha waya sentimita mbili hivi juu yake, kutoka kaskazini kwenda kusini, nawasha taa ya gari kwa betri kupitia waya huo. Dira inageuka. Mwanasayansi Hans Christian Ørsted aliliona hilo Copenhagen mwaka 1820. Taa ile inavuta kama ampea 4.5, na umbali huo uga wake (nguvu ya sumaku inayouzunguka waya) unafika mikrotesla 45 hivi, kipimo cha ukali wa sumaku. Wa dunia ni kati ya 25 na 65, ndiyo maana dira inatii. Shika waya kwa mkono wa kulia, gumba lielekee unakokwenda mkondo: vidole vinaonyesha sumaku inavyouzunguka.

Ukiukunja waya, kila mzunguko unaongeza uga wake. Kwa hiyo mkondo usipobadilika, mizunguko mingi ni sumaku kali. Dogo yuko sahihi hapo. Lakini sisi tunapewa volti, siyo mkondo. Kwa AC ya volti zilezile, ukizidisha mizunguko sumaku inalegea. Ukiipunguza inazidi mpaka chuma kinashiba, yaani hakipokei sumaku zaidi, na mkondo unaruka. Ndiyo maana tunaihesabu koili ya zamani kabla ya kuitupa. Anarudi kuhesabu.

Saa 8. Wali maharage.

Saa 10. Kuijaribu ile mota ya pampu, ya fezi tatu, kabla ya kurudisha rota (sehemu inayozunguka). Natumbukiza gololi ya beringi ndani ya stata (sehemu isiyozunguka, yenye koili), nazipa waya zake volti ndogo kupitia transfoma. Gololi inaanza kukimbia ukutani, inaukimbiza uga unaozunguka. Ingekwama sehemu moja, ningejua kuna kundi la koili limeunganishwa kinyume. Vijana wa karakana jirani wamejaa mlangoni. Nazima, nabadilishana waya mbili kati ya tatu, nawasha: gololi inakimbia upande wa pili. Nazima haraka koili zisichemke, tunarudisha rota.