Maili 72 Zilizoonekana Kutosha

Mwongozaji wa ndege aliye ardhini alipotupa njia ya mkato, tulikuwa tunapita futi 24,000 tukishuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikirusha, rubani msaidizi aliye bado mafunzoni.

Hesabu ya mwanzo, ya umbali wa kuanzia kushuka, nilikuwa nimeifanya tukiwa bado juu: kila futi elfu moja hutaka maili 3 hivi. Futi 35,000: 35 mara 3, maili 105 za baharini. Nikaongeza 10 za kupunguzia mwendo. Upepo wa nyuma ulikuwa wastani wa noti 30 (maili 30 za baharini kwa saa), na kwa mteremko wa dakika 20 hivi ungetusukuma maili 10 nyingine. Jumla 125, na kompyuta ya ndege haikupishana nami sana. (Kuzidisha kwa 3 kunapunja kidogo. Mteremko wa nyuzi 3 hushusha ndege futi 318 hivi kwa kila maili, kwa hiyo futi 35,000 hasa zinahitaji maili 110. Lakini sijamwona rubani anayezidisha kwa 3.14 kichwani.)

Sasa mkato ulikuwa umetuachia maili 72 hadi uwanjani. Kapteni alikuwa ameshasogeza kidole kwenye vitufe aiandike njia mpya, akasita.

"Kabla kompyuta haijajua, wewe niambie. Tuko sawa?"

24 mara 3 ni 72. Inavutia kujibu ndiyo, na mtego uko hapo hapo: 72 ni za kushuka tu. Zile 10 za kupunguzia mwendo zimeliwa na mkato, na upepo bado uko mgongoni.

"Tuko juu mno, Kapteni. Futi elfu tatu, labda zaidi."

"Utafanyaje?"

Mtu wa nje angedhani unapunguza mwendo. Sisi tunaongeza. Ukiinamisha pua, mwendo hupanda, ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo huo, na breki za hewa (vibao vinavyoinuka juu ya mabawa) huuma vizuri zaidi mwendo ukiwa mkubwa. Ila huo ni mkopo, maana mwendo huo lazima uurudishe baadaye, na kuurudisha kunakula maili. Nikafungua breki za hewa, nikaacha mwendo upande hadi noti 320, nikamwambia kipimo changu: tukiwa futi 10,000, mwendo umerudi noti 250, tunataka maili 40. Zikipungua, tunaomba tuzungushwe ili tupate maili zaidi za kushukia.

"Na uombe mapema," akasema, kisha akaandika njia.

Kwenye futi 10,000, mwendo ukiwa 250, zilibaki 41. Nikafunga breki.

Yaliyofuata yalikuwa mepesi. Kwenye mstari wa kutua mwendo wetu juu ya ardhi ulikuwa noti 140. Nusu yake 70, ongeza sifuri, tushuke futi 700 kwa dakika. Nilipoitaja tu, akauliza, "Na upepo wa mbele ukipungua kwa noti 10?"

"Juu ya ardhi tutakuwa na 150, basi 750, Kapteni."

"Haya, tua."