Nikahi ya Magomeni

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Oktoba, na wageni hawakuzidi thelathini. Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili hasa: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati hadi uani. Wanaume walipangiwa kukaa mbele ya nyumba, chini ya turubai. Wanawake ndani na uani. Kazi ya kupiga picha tuligawana tangu mwanzo: mwenzangu, mwanaume, abaki nje na shehe na mashahidi, mimi niwe chumbani kwa bi harusi. Watu wakisikia nikahi ndogo hudhani ni kazi nyepesi kuliko ya ukumbini. Ukumbini maharusi huingia taratibu, MC anatangaza kila kitu, na ukikosa keki ikikatwa, watalishana tena mbele ya kamera. Nikahi hairudiwi.

Mapema wiki ile nilikwenda kukagua nyumba. Shangazi wa bi harusi ndiye aliyekuwa msimamizi wa kila jambo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa picha? Pita, ndani kumekaa ovyo, usitazame."

Nilichotazama ni turubai, lililokuwa limekunjwa barazani. La bluu. Jua la Oktoba Dar es Salaam hupita utosini saa sita mchana, na hata alasiri bado lina nguvu. Mwanga ukichuja kwenye turubai la bluu, kanzu nyeupe zinakuwa za bluu, na nyuso zinakuwa kama za watu wenye homa. Kwenye kompyuta unaweza kurudisha kanzu ikawa nyeupe, lakini ngozi itapinda kwenda rangi ya chungwa. Nikamuuliza kama linaweza kubadilishwa liwe jeupe.

"Limeshalipiwa, mwanangu. La bluu ndilo lililobaki."

Basi tukakubaliana jambo jingine. Upande wa barabarani turubai lipandishwe juu, lifungwe kwenye nguzo ya juu kabisa, na zulia la shehe, walii (anayemwozesha bi harusi) na bwana harusi liwekwe hatua mbili tu kutoka ukingo ule. Hapo mwanga wa anga unaingia kwa ubavu, msafi, na unaushinda ule wa bluu unaotoka juu. Ukiwaketisha katikati ya turubai, pale ambapo kila mtu hupenda kuwaketisha, umekwisha. Kitu cha pili ni nafasi ya mpiga picha. Walii na bwana harusi hukaa magoti kwa magoti, wameshikana mkono wa kulia. Ukisimama nyuma ya walii unapata uso wa bwana harusi na kisogo cha mzee. Ubavuni, chini, usawa wa mikono yao, ndipo zinapoonekana sura zote mbili na viganja katikati. Mwenzangu alipaomba mahali pale kabla wageni hawajaketi, kwa sababu wakishaketi, huwezi kumruka babu wa watu.

Baada ya sala ya Alasiri shehe alisoma hotuba. Dakika kumi hizo si za kupumzika. Ndizo za kupimia mwanga. Kanzu nyeupe zikijaa kwenye fremu, kamera inadanganyika, inaona kuna mwanga mwingi kuliko uliopo, na picha inatoka ya kijivu na sura za watu zimezama. Mwenzangu aliongeza theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga), akajaribu kwenye uso wa shahidi mmoja, akaiacha hapo. Lenzi ya milimita 35, upenyo f/2.8, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/250 ya sekunde, sauti ya kamera imezimwa. Flashi hakuiweka kabisa. Ukimulika mtu usoni wakati walii anatamka "nimekuozesha", wazee watakukumbuka kwa hilo tu. Maneno yenyewe, la walii na "nimekubali" la bwana harusi, hayakufika hata nusu dakika. Alipiga fremu chache sana, na nyingi zilifaa, maana hakuhama.

Ndani kulikuwa na shida ya aina nyingine. Chumba kimepakwa rangi ya kijani, tyubulaiti moja ukutani, dirisha dogo lenye nondo, na chetezo cha udi kinafuka miguuni kwa bi harusi. Tyubulaiti za zamani zinapepesa mara mia kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Ukipiga kwa shata 1/250 fremu moja inatoka njano, inayofuata kijani, nyingine nusu ina kivuli. Shata 1/100 ndiyo dawa. Flashi ya kudundishia nayo haikufaa: ukuta wa kijani unarudisha mwanga wa kijani, na moshi wa udi ukipigwa na flashi kutoka mbele unageuka ukungu mweupe unaofuta hina yote mikononi.

Hina na piko niliipiga mapema, mikono ikiwa juu ya kanga iliyokunjwa, karibu na dirisha. Mafuta yakipakwa kidogo piko inakoza. Yakizidi, ngozi inang'aa na maua hayasomeki. Somo wake, yaani kungwi wake, alikuwa na kitambaa tayari.

Kisha umeme ukakatika. Pangaboi likasimama, wanawake wakaguna, na mimi moyoni nikashukuru. Kijani cha tyubulaiti kilitoweka, ukabaki mwanga wa dirisha peke yake. Nikamwomba somo amsogeze bi harusi akae dirisha likiwa ubavuni pake, nyuma kidogo, na chetezo kihamie kati yake na dirisha. Moshi ukimulikwa kutoka nyuma unaonekana uzi mmoja mmoja. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 3200, f/2, shata 1/125. Jasho lilianza kumtoka puani. Poda juu ya jasho inafanya madonge, kwa hiyo ni kugusagusa kwa tishu kwanza, poda baadaye.

Vigelegele vilianzia barazani. Bwana harusi anapoingia kumpa mkono mkewe, korido yote humfuata na simu zao juu, na mlango unazibwa na migongo. Nilikuwa nimeshamwomba shangazi alinde mlango, na alifanya kazi hiyo kama askari wa benki. Waliingia bwana harusi, kaka yake na shehe. Akaweka kiganja juu ya paji la uso wa mkewe, akasoma dua. Bi harusi alifumba macho, na kidole gumba cha bwana harusi kilikuwa kinatetemeka juu ya mtandio. Hiyo ndiyo picha waliyoitia kwenye fremu, si ile ya nje.

Picha za ukoo zilikwenda haraka kwa sababu shangazi alikuwa na orodha: upande wa mama, upande wa baba, mababu na mabibi kwanza wapate kukaa.

Saa kumi na moja kasoro tukaondoka kwenda Coco Beach. Maharusi walitaka jua likizama baharini, na nilikuwa nimewaeleza mapema kwamba pale haliwezekani: ufukwe ule unatazama mashariki, jua linazama nyuma yako, kwenye nyumba za Oysterbay. Anayetaka jua juu ya maji aende upande wa pili wa rasi, Slipway, kunakotazama magharibi. Wao walichagua Coco kwa ajili ya mawimbi, na nuru ya jioni kweli inawaangukia usoni. Oktoba jua huzama kama saa 12:10, na giza halichelewi. Una dakika ishirini tu. Walitaka pia kuwahi sala ya Magharibi.

Begi la kamera lilikaa limefungwa robo saa tulipotoka kwenye gari lenye kiyoyozi. Lenzi ya baridi ikikutana na hewa ya pwani inapiga ukungu, na kuifuta hakusaidii. Hawakuwa wamewahi kushikana mikono mbele za watu, kwa hiyo sikuwapanga. Nilisimama mbali na lenzi ya milimita 85, nikawaambia watembee hadi kwa muuza mihogo na kurudi. Kurudi walikuwa wanacheka juu ya pilipili.

Picha nilizikabidhi kwenye flashi mbili za USB. Ya ndani, ya wanawake bila hijabu, bi harusi alikuja kuichukua mwenyewe. Mkataba ulisema nakala zangu nizifute baada ya miezi mitatu, na kwamba hakuna hata moja itakayowekwa mtandaoni. Siku ilipofika alinipigia kuuliza kama nimeshafuta.