Kabla ya arubuni, wakili

Likizo ya kiangazi ikikaribia, simu zetu huku Leicester hujaa picha za viwanja. Kiwanja Mambrui, hatua chache kutoka barabarani. Nyumba Shela ya Malindi, mwenyewe ana haraka. Ghorofa Lamu, mtaa wa Langoni, bei ya kindugu. Chini ya picha pana nambari ya kutuma pesa, na dalali anakumbusha kwamba kuna watu wengine wanakuja kesho kuangalia.

Mimi ni mtoto wa Malindi, na natamani sana wenzangu tununue nyumbani, tujenge, wazee wetu wakae pazuri. Kwa hiyo nawaomba: msitume arubuni kabla ya kuwa na wakili wenu. Wenu nyinyi, mnayemlipa nyinyi. Wakili wa muuzaji anamlinda muuzaji, na yule anayeletwa na dalali hujui amekula naye wapi.

Huku Uingereza jambo hili halina mjadala. Tulipokuwa tukinunua nyumba yetu, kila upande ulikuwa na wakili wake, na mawakili hao wakaandikiana barua kwa wiki nyingi kabla ya bei kulipwa. Kwa sheria za Uingereza na Wales, muuzaji akikubali bei uliyotaja bado hajafungika. Mnafungana siku mnapobadilishana mikataba iliyotiwa sahihi, ambapo mnunuzi kwa kawaida hutoa asilimia 10, na tangu hapo anayejitoa hupata hasara. Kabla ya siku hiyo muuzaji aweza kumpa mwingine aliyeongeza bei, na watu wengi wamelizwa hivyo.

Kilichonigusa mimi ni yale maswali. Muuzaji hujaza fomu ndefu: je, umewahi kugombana na jirani? Ua huu ni wa nani kuutengeneza? Umeongeza chumba, na kibali kiko wapi? Nyumba yetu ina jiko lililosogezwa nyuma likala sehemu ya uwanja. Wakili wetu, mama wa Kigujarati mwenye asili ya Uganda, aligoma kuendelea mpaka aone cheti cha ukaguzi wa ujenzi wa lile jiko. Wakala wa nyumba akanipigia nimshawishi aliache, hizo ni karatasi tu. Mama yule akanieleza kwa upole: siku utakayouza wewe, mnunuzi wako ataliuliza swali hili hili, na jibu litakuwa juu yako. Cheti kikatafutwa, kikapatikana kwenye halmashauri ya mji. Akachunguza pia kama kuna barabara iliyopangwa kupita hapo, mabomba ya maji taka yanapita wapi, eneo linafurika au la. Akauliza pesa zetu zimetoka wapi. Nikamweleza mchezo wetu wa kuchangiana pesa unavyokwenda, nani hupokea mwezi gani, akaandika yote na kutaka taarifa za benki. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa inamlazimisha, na mimi nilijisikia salama zaidi.

Huku rejista ya ardhi iko wazi pia. Kwa pauni 7 mtu yeyote anaona mmiliki ni nani na kama nyumba iko kwenye rehani.

Sasa njoo Malindi. Kiwanja chetu alikipata ami, mdogo wake baba. Nilipomtajia wakili alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimekulea. Leo waniwekea wakili?"

Nikamwambia, "Ami, wewe sikuwekei. Namuwekea muuzaji. Na likitokea la kutokea, sitaki mtu barazani aseme ami yake ndiye aliyekula."

Alifikiri, akakubali. Nalieleza hili kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunaona haya, tunaogopa kuonekana tumekuja na Uzungu. Lakini tazama tunavyowafanyia wazee: tunarundika mamilioni ya shilingi kwenye simu ya mtu wa miaka sabini, halafu mambo yakiharibika tunamdai risiti. Nazijua familia ambazo hata Idi hazitembeleani kwa sababu ya kiwanja. Wakili akiwepo, mzee anabaki kuwa mzee. Pesa hazipiti mkononi mwake, wala lawama.

Na ardhi ya pwani inahitaji wakili kuliko hata nyumba ya Leicester. Kule kwetu umiliki una tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1908 Waingereza walileta sheria ya kuandikisha hati katika ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Waliofika kudai wakapewa hati, ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali, na watu waliokuwa wakiilima wakajikuta maskwota, wakazi wasio na hati. Mpaka leo unaweza kuonyeshwa shamba zuri lenye hati safi, kumbe ndani yake kuna ukoo mzima, na makaburi ya babu zao yapo pale. Mtu aliyekaa kwenye ardhi waziwazi kwa miaka 12 bila idhini ya mwenyewe aweza kwenda mahakamani kuidai. Sisi tulio mbali tuliweke hilo akilini hata kwa viwanja tulivyonavyo tayari.

Kuna nyumba bila ardhi: unanunua kuta na paa, na chini ni mali ya mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Watu wanaishi hivyo vizazi na vizazi na hakuna ubaya, mradi ujue unanunua nini na ulipe bei yake. Kuna wakfu, mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, na wakfu hauuzwi hata muuzaji awe na ndevu ndefu namna gani. Kuna nyumba ambayo bado iko kwa jina la marehemu babu, anayeiuza ni mjukuu mmoja, na mashangazi hawajaulizwa. Hapo wakili ataomba uamuzi wa kadhi unaotaja warithi wote na mafungu yao. Muuzaji akiwa na mke au mume, na nyumba ni ya ndoa, ridhaa ya mwenzake iwe kwa maandishi. Na ukinunua ndani ya mji wa kale wa Lamu, ulioingia orodha ya UNESCO mwaka 2001, ujue kwamba kubomoa ukuta au kuongeza ghorofa kuna masharti, na Makumbusho ya Taifa wana usemi.

Wako wanaosema, mimi nimeshapekua hati ofisi ya ardhi, jina ni la muuzaji, yatosha. Haitoshi tena. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha pwani kule Nyali. Kampuni ilikuwa na hati, na ilinunua kwa mtu mwenye hati. Mahakama ikasema kwa kuwa ugawaji wa kwanza kabisa haukufuata sheria, hati zilizozaliwa baadaye hazina kinga. Wakili wako, basi, afuate historia hadi mwanzo: nani aligawiwa, lini, kwa utaratibu gani. Hati nyingi za zamani za pwani rejista yake iko Mombasa, kwa hiyo ni kazi ya miguu na subira.

Mkataba uwe wa maandishi na wenye mashahidi. Desturi ya mawakili wetu ni arubuni ya asilimia 10, ishikwe na wakili wa muuzaji mpaka mauziano yakamilike, na salio lilindwe kwa ahadi ya maandishi baina ya mawakili wenyewe, ambayo wakili akiivunja anashtakiwa. Kama ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mauziano ni batili. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Muuzaji ana kodi yake ya faida, asilimia 15 tangu 2023, na wako wanaojaribu kukubebesha wewe.

Ila wakili haoni ardhi, anaona karatasi. Hapa ndipo ami alipokuwa hazina. Alikwenda na mpima ardhi asubuhi, wakatafuta bikoni nne, zile alama za mipaka. Tatu zikaonekana. Ya nne waliifukua nyuma ya ukuta wa matumbawe wa jirani, hatua mbili ndani ya uwanja wake. Jirani hakuwa na nia mbaya, ukuta ulijengwa na baba yake. Tukakubaliana kiwanja kisajiliwe kwa kipimo kilichobaki, bei ikashuka, na jirani akatia sahihi. Hilo wakili asingelipata ofisini, wala mimi kwa picha za simu.

Kwa wenye paspoti ya Uingereza: kifungu cha 65 cha Katiba kinampa asiye raia wa Kenya umiliki wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Kama ulipoteza uraia kabla ya Katiba ya 2010 kwa kuchukua wa nje, urudishe kwanza, kisha ununue.

Na hati ya uwakilishi unayompa mtu wa nyumbani atende kwa niaba yako, ishuhudiwe na notari huku au kwenye ubalozi wetu London, isajiliwe Kenya, na itaje kiwanja kimoja kwa nambari yake. Usimpe mtu yeyote hati ya "mali zangu zote". Jina la wakili litafute kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya uone kama leseni yake ni ya mwaka huu. Ni kazi ya dakika mbili, ifanye kabla hujampigia.